Yesu alimuuliza mgonjwa kwanza

Masomo: Yohana 5:1-9, Marko 10:46-52, Marko 8:22-25

Jumapili ya leo nakualika twende pamoja Yerusalemu, kwenye birika la Bethzatha. Pale palikuwa na matao matano, na chini ya matao hayo walilala wagonjwa wengi: vipofu, viwete, waliopooza. Mmoja wao alikuwa ameugua miaka 38. Yesu akamwona, akajua kwamba amekaa katika hali hiyo muda mrefu. Kisha, kabla ya kumgusa na kabla ya kutamka neno la uponyaji, alimuuliza kama anataka kuwa mzima.

Wengi tumesoma habari hiyo na kushangaa. Swali gani hilo? Mtu aliyelala miaka 38 atataka nini kingine? Lakini tazama kilichofuata. Mgonjwa hakujibu “ndiyo” wala “hapana”. Alieleza habari zake: hana mtu wa kumtia birikani maji yanapotibuliwa, na kila akijaribu mwingine humtangulia. Swali la Yesu lilimfungua kinywa mtu ambaye huenda kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza lolote.

Na hiyo haikuwa mara moja tu. Kule Yeriko, Bartimayo alipaza sauti njiani. Kila mtu aliona kwamba ni kipofu. Hata hivyo Yesu alisimama, akamwita, akamuuliza anataka afanyiwe nini. Bartimayo alikuwa ombaomba. Angeweza kuomba fedha. Alichagua kuona, na uchaguzi huo ulikuwa wake. Kule Bethsaida, Yesu alimshika kipofu mkono, akamtoa nje ya kijiji, mbali na macho ya watu. Alipomwekea mikono alimuuliza kama anaona kitu. Mtu yule akasema ukweli: anaona watu, lakini kama miti inayotembea. Yesu hakukasirika kuambiwa kwamba kazi bado. Akamwekea mikono tena, na yule mtu akaona vizuri.

Tuna hapa Tabibu aliyejua yote, asiyehitaji kipimo wala maelezo, na bado aliuliza. Alisikiliza jibu. Alilinda siri ya mgonjwa. Alirudi kuuliza hali inaendeleaje. Kama yeye alifanya hivyo, ni nani kati yetu, awe daktari, muuguzi, mume, mzee wa ukoo au mchungaji, mwenye ruhusa ya kuuamulia mwili wa mtu mwingine bila kumuuliza?

Ridhaa ni nini

Hospitalini jambo hili lina jina: ridhaa. Wengi tunaijua kama karatasi inayoletwa kabla ya operesheni ili mtu atie sahihi au dole gumba. Karatasi ni ushahidi tu wa ridhaa. Ridhaa yenyewe ni mazungumzo. Mgonjwa anaambiwa, kwa lugha anayoielewa, anaumwa nini, wanataka kumfanyia nini, faida yake ni ipi, hatari yake ni ipi, kama ipo njia nyingine, na nini kitatokea asipotibiwa. Anapata nafasi ya kuuliza. Hakuna anayemtisha wala kumnunua. Kisha anasema ndiyo, au hapana, au naomba nifikiri kwanza. Na hata akisema ndiyo, bado anaweza kubadili mawazo.

Dunia ilijifunza hili kwa uchungu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, madaktari wa Kinazi walishtakiwa huko Nuremberg kwa majaribio waliyowafanyia wafungwa. Hukumu ya mwaka 1947 iliacha kanuni ambayo jambo lake la kwanza ni kwamba mtu asifanyiwe jaribio la kitabibu bila ridhaa yake ya hiari. Hata baada ya hapo, huko Tuskegee, Marekani, wanaume weusi, wengi wao wakulima maskini, walifuatiliwa tangu 1932 hadi 1972 ili kuona kaswende inavyomla mtu. Hawakuambiwa ukweli kuhusu ugonjwa wao, na hawakupewa penisilini hata ilipokuwa imeshapatikana.

Na sisi Watanzania tunalo la kwetu. Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, vijana wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa. Aliyekuja kwa tatizo la kichwa alipasuliwa goti, na aliyekuja kwa tatizo la goti alipasuliwa kichwa. Mmoja wao alifariki baadaye. Nchi nzima ilihuzunika. Kosa lile lilikuwa la utambuzi wa wagonjwa, lakini linatufundisha faida ya mazungumzo. Mgonjwa anayeulizwa jina lake kamili, na kuulizwa yeye mwenyewe anaelewa anakwenda kufanyiwa nini, ni mlinzi wa mwisho wa mwili wake kabla usingizi wa dawa haujamchukua.

Singida kwetu

Sasa turudi Singida. Mkoa wetu umebarikiwa kuwa na hospitali ambazo Kanisa lilizijenga watu wakiwa hawana pa kwenda. Wakatoliki wana Makiungu kule Ikungi na Mtakatifu Gaspari kule Itigi. Walutheri wana Iambi kule Mkalama, na watu wa upande huo huvuka hadi Haydom, mkoani Manyara. Serikali nayo ina hospitali ya rufaa ya mkoa, hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati. Tumshukuru Mungu kwa hizo zote. Lakini tujiulize: mgonjwa anapofika pale, nani anaulizwa?

Fikiria bibi wa miaka 70 anayetoka kijijini Ikungi. Kinyaturu ndiyo lugha anayoomba nayo na kuota nayo. Kiswahili anakisikia, lakini si cha maneno ya kitabibu. Daktari anaeleza haraka, maana foleni ni ndefu. Mjukuu anaitikia, “Sawa, daktari.” Bibi anashikwa mkono, dole gumba linachovywa kwenye wino. Karatasi imejaa, lakini bibi hajui kwamba akizinduka mguu wake hautakuwepo. Je, hapo ipo ridhaa? Muuguzi anayejua Kinyaturu au Kinyiramba, akikaa dakika kumi kando ya kitanda kile, anafanya kazi takatifu.

Fikiria pia mama mwenye uchungu wa siku ya pili. Mkunga anasema mtoto hawezi kupita, apasuliwe. Mama yuko tayari. Ndugu wanasema tumsubiri mumewe, ameenda mnadani, simu yake haipatikani. Wataalamu wa afya ya uzazi huzungumzia ucheleweshaji wa aina tatu unaoua akina mama: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kupata huduma baada ya kufika. Mara nyingi ule wa kwanza huanzia hapo, kwa mama ambaye neno lake halihesabiwi mpaka mwenye nyumba arudi. Ndugu yangu, mkeo ni mtu mzima mwenye akili timamu. Mwili unaopasuliwa ni wake. Simama naye, mshauri, mlipie, muombee. Lakini usifanye uhai wake usubiri sahihi yako.

Upo na upande wa pili wa jambo hilo. Huko Namibia, wanawake watatu waliokuwa na VVU walifungwa kizazi katika hospitali za serikali. Saini zao zilikuwepo kwenye fomu, lakini zilichukuliwa wakiwa katika uchungu wa kuzaa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya nchi ile ilithibitisha kwamba hiyo haikuwa ridhaa. Sahihi ya mtu anayelia kwa maumivu, ambaye hakuelezwa sawasawa, ni wino tu juu ya karatasi.

Tiba ambayo mgonjwa hakuulizwa

Liko jambo jingine hapa kwetu ambalo tunalinong’ona, na leo nataka tuliseme wazi. Katika mikoa ya Singida na Dodoma kuna jina linalojulikana: lawalawa. Hutajwa mtoto wa kike anapopata muwasho, vidonda au maambukizi sehemu za siri au njia ya mkojo. Iliaminika, na wengine bado wanaamini, kwamba ni hasira ya mizimu, na kwamba dawa yake ni kumkeketa. Waliolichunguza jambo hili wanaeleza kwamba imani hiyo ilipata nguvu baada ya serikali kuanza kuipiga vita desturi ya ukeketaji, katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha. Desturi ilipokatazwa mlango wa mbele, ilirudi kwa mlango wa nyuma ikiwa imevaa koti la tiba.

Wataalamu wa afya wamesema mara nyingi: maambukizi hayo hutibika kwa usafi na dawa za kawaida za hospitali. Hakuna ugonjwa unaoponywa kwa kumkata mtoto. Lakini takwimu za kitaifa za afya za mwaka 2015/16 zilionyesha kwamba takriban wanawake 3 kati ya 10 wa Singida wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Na sheria ilipokaza, baadhi ya watu hawakuacha. Walishusha umri. Walianza kuwakata watoto wachanga, ambao hawawezi kusema, hawawezi kukimbia, na hawatakumbuka uso wa ngariba.

Hapo ndipo neno ridhaa linapotuchoma. Tunaweza kubishana kuhusu bibi na mjukuu wake, kuhusu mke na mumewe. Lakini mtoto wa wiki tatu tunamwambia nini? Mara nyingine hata mama yake hakuulizwa. Alitoka kuchota maji, akarudi akakuta wazee wameshamaliza. Mgonjwa hakuulizwa, mzazi hakuulizwa, daktari hakuulizwa. Na watu wanaita tiba!

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imeweka adhabu kwa yeyote mwenye ulezi au dhamana ya mtu aliye chini ya miaka 18 atakayemkeketa au kusababisha akeketwe: kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15, au faini, au vyote viwili. Ona sheria inamtazama nani. Inamtazama yule aliyekabidhiwa mtoto. Ni sawasawa na Injili. Kadiri mtu alivyo mdogo, ndivyo aliyemshika anavyobeba mzigo mkubwa zaidi mbele za Mungu.

Mtu atauliza: kama mtoto hawezi kuridhia, mbona tunamchanja, tunamchoma sindano, tunampasua akiwa na ngiri? Swali zuri. Jibu liko kwa Yairo, katika Marko sura ya 5. Binti yake wa miaka 12 alikuwa mahututi, hakuweza kujisemea. Baba alikwenda kumsemea, akaanguka miguuni pa Yesu akiomba mtoto apone na kuishi. Yesu alipoingia chumbani aliwachukua baba na mama pamoja naye, na mtoto alipoamka, aliagiza apewe chakula. Mzazi humsemea mtoto kwa ajili ya uhai wa mtoto. Hana hati miliki ya mwili huo ili autumie kutuliza mizimu au kuhifadhi heshima ya ukoo. Na kadiri mtoto anavyokua, lazima asikilizwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto anayeweza kuwa na maoni kusikilizwa katika mambo yanayomhusu.

“Lakini sisi ni watu wa ukoo”

Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu, kwamba kwetu mtu hauguzwi peke yake. Ni kweli, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Ni ukoo unaouza alizeti na mbuzi ili bili ilipwe. Ni ndugu wanaolala chini ya mti nje ya wodi. Hata yule aliyepooza kule Kapernaumu alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari. Ukoo na ubebe! Lakini anayebeba machela hapewi kwa sababu hiyo umiliki wa aliyelala juu yake. Anayelipa bili anastahili shukrani, si mamlaka ya kuficha ukweli.

Maana hilo nalo lipo. Majibu ya saratani yanatoka, ndugu wanamvuta daktari pembeni: “Usimwambie mzee, atakufa kwa presha.” Mzee anabaki anadanganywa kwamba ni vidonda vya tumbo. Anakufa bila kugawa shamba, bila kupatana na mwanawe aliyekosana naye, bila kuungama. Tulidhani tumemhurumia, kumbe tumemnyang’anya siku zake za mwisho. Ukweli unaweza kusemwa taratibu, kwa upendo, kwa kumuuliza kwanza angependa kujua kiasi gani. Wapo watakaosema, “Mwambieni mwanangu, mimi sitaki.” Na huo pia ni uamuzi wake.

Ipo pia dharura. Msamaria mwema alimkuta mtu yu karibu kufa barabarani. Hakungoja azinduke amwombe ruhusa. Alimfunga majeraha, akamtia mafuta na divai, akampeleka mahali pa kutunzwa. Vivyo hivyo, daktari anayepokea kijana aliyepoteza fahamu katika ajali ya bodaboda atamwokoa kwanza. Tunamkisia mtu asiyeweza kusema kwamba anataka kuishi. Lakini mtu anayeweza kusema, tusimkisie. Tumuulize.

Wachungaji nasi tujisaili

Neno langu kwa watumishi wa Mungu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Wapo waliotoka kwenye vitanda vya hospitali kwenda huko. Alishatangulia mbele za haki mwaka 2021, na mimi si mwamuzi wake. Swali langu ni kwetu tuliobaki: mgonjwa anapoacha dawa za VVU, za kisukari au za presha kwa sababu ya neno alilolisikia madhabahuni, je, tumemweleza hatari? Je, yuko huru kukataa bila kuambiwa hana imani? Kumtisha mgonjwa kwa jina la Mungu ni kumlazimisha, hata kama mikono yetu iko juu tukiomba.

Naamani alipoambiwa akaoge Yordani alikataa, akaondoka kwa hasira. Elisha hakutuma watu wakamfunge kamba na kumzamisha mara saba. Watumishi wa Naamani walimsogelea kwa heshima, wakajadiliana naye, akabadili mawazo mwenyewe. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa kwa anayekataa operesheni, damu au dawa: tusimkasirikie, tusimwache, tukae naye, tumweleze tena. Na akikataa baada ya kuelewa, bado ni mtu wa kutunzwa.

Hata wachumba tunaowaandaa kwa ndoa tuwatazame hivyo. Kuwashauri wapime VVU pamoja ni jambo jema. Lakini Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka upimaji uwe wa hiari na majibu yawe siri. Cheti cha majibu hakina kazi kwenye meza ya kamati ya kanisa. Wafundishe waambiane ukweli wao kwa wao.

Ukienda hospitali

Mpendwa, wiki hii wewe au mtu wako anaweza kuingia hospitali. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Uliza bila woga: Naumwa nini? Mnataka kunifanyia nini, na kwa nini? Hatari yake ni ipi? Ipo njia nyingine? Nisipotibiwa itakuwaje? Nani atanipasua? Usipoelewa, sema hujaelewa, omba mtu wa lugha yako. Na wewe daktari au muuguzi unayesoma hapa kabla ya zamu, mwambie mgonjwa arudie kwa maneno yake yale uliyomweleza. Hapo utajua kama amekuelewa au amekuitikia tu.

Na wewe bibi, shangazi, mama mkwe unayejua mahali ambapo mtoto mchanga anaandaliwa “kutibiwa” lawalawa, usinyamaze. Mpeleke mtoto zahanati. Mwambie mama yake, mwambie mchungaji, mwambie mwenyekiti wa kijiji, mwambie polisi. Mtoto huyo hana wa kumsemea isipokuwa wewe.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, Tabibu wetu, uliyeuliza kabla ya kugusa, tufundishe kuuliza na kusikiliza. Wape hekima na uvumilivu wote wanaotibu katika hospitali zetu. Wape wagonjwa ujasiri wa kusema. Walinde wadogo wasioweza kusema, na utupe sisi kinywa kwa ajili yao. Amina.

Nakutakia Jumapili njema.